Uende Wagalla au Usiende? Mwongozo kwa Mgeni wa Kaskazini Mashariki

Ukipangiwa kazi Garissa, iwe ni ualimu, uuguzi, ukarani wa kaunti au shirika la misaada, hautapita muda mrefu kabla hujalisikia jina la Wagalla, mahali pa mauaji ya 1984. Litatajwa watu wakinywa chai, au redioni Februari ikifika, na mzee aliyekuwa akizungumza kwa furaha atanyamaza kidogo. Baada ya hapo swali huja lenyewe: niende nikaone? Kutoka Garissa hadi mji wa Wajir ni zaidi ya kilomita 300 kwa barabara, na Wagalla yenyewe iko kama kilomita 15 magharibi mwa mji huo. Si safari ya kuamuliwa kwa pupa. Nitakwambia mapema msimamo wangu: Wagalla inastahili kutembelewa, lakini si na kila mtu, si wakati wowote, wala si kwa namna tunavyotembelea Fort Jesus.

Anza kwa kujua utakachokiona, maana hapo ndipo wengi hukata tamaa. Wagalla ni kiwanja cha ndege katika nchi tambarare ya vichaka na miiba. Utaona ardhi, anga na joto. Usitegemee dirisha la tiketi, wala mwongozaji mwenye sare atakayekuzungusha kutoka chumba hadi chumba. Anayepima thamani ya mahali kwa macho atasimama pale robo saa, apige picha mbili, arudi garini akiwa na kiu na kinyongo. Mombasa utaona kuta za Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa 1593. Kigali, kwenye kumbukumbu ya Gisozi iliyofunguliwa 2004, kuna makaburi ya watu zaidi ya 250,000, maonyesho, sauti na majina, na mwaka 2023 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia pamoja na Nyamata, Murambi na Bisesero. Rwanda iliamua kwamba mauaji yake ya kimbari yaonekane. Wagalla haikupata uamuzi wa namna hiyo, kwa hiyo huko sehemu kubwa ya historia haimo ukutani. Imo vinywani mwa watu, na watu hao wanazeeka.

Kabla ya kufikiria nauli, ifahamu habari yenyewe. Alfajiri ya Februari 10, 1984, vikosi vya usalama vya Kenya vilianza kuwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika mji wa Wajir na vijiji vya jirani. Serikali ilisema ni operesheni ya kuwanyang'anya silaha baada ya mapigano kati ya koo za Degodia na Ajuran. Hawakuulizwa nani ana bunduki na nani ni mwalimu, nani mfanyabiashara na nani mtumishi wa serikali; ukoo ulitosha. Walipelekwa Wagalla, wakavuliwa nguo na kulazwa kifudifudi juani, siku baada ya siku, bila maji wala chakula, katika kiangazi ambacho Wasomali hukiita jilaal. Waliojaribu kukimbia walipigwa risasi. Wengine walikufa kwa kiu na kipigo. Kule mjini nyumba za mtaa wa Bulla Jogoo zilichomwa, na wanawake walibakwa. Mambo yalipokoma Februari 14, miili ilikuwa imetupwa vichakani mbali na kiwanja.

Serikali kwa miaka ilishikilia kwamba waliokufa ni 57. Manusura na watafiti wametaja idadi kubwa zaidi, wengine wakifika 5,000. Hilo pengo kati ya 57 na 5,000 ni sehemu ya historia ya Wagalla, na ni vyema ulibebe kichwani unapokwenda: kwenye mauaji yaliyofanywa na dola yenyewe, hata kuwahesabu wafu kulikuwa kosa. Usiende Wajir ukitaka mtu akupe tarakimu moja ya kumaliza ubishi. Hiyo si kazi ya mjane.

Kuna jambo jingine linaloieleza Wagalla kuliko takwimu. Hali ya hatari iliyotangazwa kaskazini mashariki Desemba 1963, wakati wa vita vya Shifta vya kutaka eneo hilo lijiunge na Somalia, iliendelea kisheria hadi 1991. Vita vyenyewe vilikwisha kwa makubaliano ya Arusha ya 1967, lakini sheria zilibaki. Yaani kwa karibu miaka 28 Mkenya wa Wajir aliishi chini ya sheria tofauti na za Mkenya wa Nyeri. Ndiyo maana utawasikia wazee wanaovuka daraja la mto Tana kuelekea Nairobi wakisema wanakwenda Kenya. Wanasema kweli waliyoiishi, na ukishaijua hutawauliza kwa nini "hawajasahau".

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya uamuzi wako haigharimu nauli: soma. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyokabidhiwa Rais Mei 21, 2013, ina sura nzima juu ya mauaji ya halaiki katika juzuu yake ya pili, na Wagalla imepewa nafasi kubwa. Tume hiyo ilianza vikao vyake vya hadhara Aprili 2011 hapo hapo Garissa kabla ya kuingia Wajir, na ushahidi wa manusura umo. S. Abdi Sheikh ameandika kitabu kizima, Blood on the Runway. Judy Kibinge alitengeneza filamu ya hali halisi, Scarred, iliyotoka 2015. Ukianza ripoti ukaona huna subira ya kumaliza hata sura hiyo moja, umeshapata jibu: usiende. Kiwanja hakitakwambia kitu ambacho maandishi yameshindwa kukuvutia ukisikie.

Ukimaliza kusoma na bado unataka kwenda, tafuta mwenyeji. Nalisisitiza hili kuliko jambo lolote katika makala haya, kwa sababu tofauti kati ya safari yenye maana na safari ya bure iko hapa. Bila mwenyeji utaona uwanja mtupu. Ukiwa na mtu wa Wajir, mtu anayeheshimika, huenda ukaketishwa mbele ya mzee aliyelala pale kifudifudi akiwa kijana, akakwambia alilala upande gani na nani alikuwa kulia kwake. Ukifanya kazi Garissa humkosi mtu huyo. Muulize mwenzako wa ofisini aliyezaliwa Wajir, au imamu wa msikiti ulio jirani, au walimu wenzako. Usimwombe akupeleke Wagalla. Mwambie umesoma nini, na umwulize kama kuna wazee wanaokubali kuzungumza. Akisema ngoja, ngoja. Akisema familia yake haizungumzii mambo hayo, mshukuru, usirudie ombi.

Ukimpata, yako mambo ya adabu yasiyoandikwa popote na yanayoweza kuvunja safari yote. Usianze mazungumzo kwa kumwuliza mtu ukoo wake. Kaskazini mashariki swali hilo lina uzito, na mtu wa nje akilitoa huonekana anapima upande. Degodia na Ajuran wangali majirani, wanaoana na kufanya biashara, na kila mmoja ana wafu wake wa miaka mbalimbali. Usimfanye dereva wako aliye wa ukoo mwingine ajione mshtakiwa. Waliotoa amri na waliofyatua risasi Wagalla walikuwa wa dola. Msalimu mzee kwa salamu kamili, upokee chai, uache aanze mwenyewe. Ukiwa mwanamume usitafute kuzungumza na wajane peke yako, hasa kuhusu yaliyowapata wanawake Bulla Jogoo. Hayo, yakisemwa, husemwa kwa mwanamke mwenzao. Simu iwe mfukoni. Ukitaka kurekodi au kupiga picha omba ruhusa, na ukinyimwa usinung'unike. Wala usimlipe mtu kwa hadithi ya msiba wake. Gharama za mwenyeji wako, mafuta na chakula, hizo ni juu yako, na kama moyo umeguswa mwulize mwenyeji ni nini kinachohitajika na nani wa kukabidhiwa.

Sasa wakati. Kumbukumbu hufanyika kila Februari, na huo ndio msimu ambapo Wagalla ina watu, sauti na dua. Ni pia kilele cha jilaal, kwa hiyo beba maji mengi kuliko unayodhani yanatosha, na kofia. Angalia na kalenda ya Kiislamu. Ramadhani husogea nyuma kama siku 11 kila mwaka, na ile ya 2027 inatarajiwa kuanza karibu na Februari 8, maana yake siku za kumbukumbu zitaingia ndani ya mfungo. Hilo si kizuizi, lakini usile wala kunywa hadharani mchana, usipange mazungumzo marefu alasiri watu wakiwa wamechoka, na jua kwamba mazungumzo mazuri yatakuja baada ya futari.

Miezi ya mvua, Aprili hadi Juni na Oktoba hadi Desemba, sikushauri uende kwa barabara. Ardhi ya huku ikilowa gari linazama, na hata njia kuu haina hakika: mafuriko ya Novemba 2023, na tena ya Aprili 2024, yalikata barabara kati ya Garissa na Madogo, ng'ambo ya mto Tana, na watu walifariki mashua ilipopinduka wakijaribu kuvuka. Ukiwa unatoka Nairobi, ziko ndege za abiria kutoka Wilson hadi Wajir, na kwa mwenye uwezo hiyo ndiyo njia ninayoipendekeza.

Usalama nao ausemee mtu anayeujua wiki hiyo, si makala. Basi la Mandera lilishambuliwa Novemba 2014 na watu 28 wakauawa kwa sababu ya dini yao. Desemba 2015 basi jingine lilishambuliwa, na abiria Waislamu wakakataa kutenganishwa na wenzao Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo na akafariki baadaye. Sikutajii haya ili uogope watu wa Wajir. Wao ndio wanaosafiri njia hizi kila wiki na ndio wanaoumia kwanza. Nakutajia ili usisafiri usiku, upige simu kwa mwenyeji kabla ya kuondoka, uulize polisi kuhusu hali ya njia, na usitangaze mtandaoni utapita wapi saa ngapi. Kitambulisho chako kiwe karibu, kwani vizuizi ni vingi. Usipige picha za askari, za kambi wala za uwanja mkubwa wa ndege wa Wajir, ambao jeshi nalo linautumia. Na ikiwa mwenyeji atakwambia wiki hii usije, usije, hata kama likizo yako inakwisha.

Kuna sababu nyingine ya kwenda ambayo wageni wengi hawaijui, na kwangu ndiyo inayoigeuza safari hii kutoka ya huzuni tupu. Usiende Wagalla ukarudi siku hiyo hiyo. Kaa mjini siku mbili tatu, kwa sababu Wajir ndiyo inayoieleza Wagalla. Mji uliota hapo kwa ajili ya visima: maji yako karibu na uso wa ardhi, ndani ya mawe ya chokaa, na wafugaji wamekuwa wakiwaleta ngamia wao tangu kabla ya Mwingereza kupandisha bendera. Mwenye visima hivyo ndiye mwenye uhai, na magomvi mengi ya koo huanzia kwenye maji na malisho. Ukiwaona ngamia wakinywa kwa zamu utaelewa mambo mawili kwa pamoja: kwa nini watu hawa hugombana, na kwa nini hulazimika kupatana.

Wamepatana kweli. Mapigano ya koo yalipoutikisa mji mwanzoni mwa miaka ya 1990, walioanza kuyazima walikuwa wanawake wa sokoni waliokataa kuuziana na kununuliana kwa ukoo. Mmoja wa walioongoza juhudi hizo, Dekha Ibrahim Abdi, aliyezaliwa Wajir mwaka 1964, alishiriki kuunda kamati ya amani ambayo baadaye ilikuwa mfano kwa wilaya nyingine za Kenya. Alipewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, na alifariki Julai 2011 kutokana na ajali ya barabarani akiwa safarini kwenda kwenye mkutano wa amani Garissa. Pita sokoni, ununue nyirinyiri, ile nyama iliyokaushwa, kwa akina mama, na ujue kwamba historia iliyotengenezwa kwenye meza hizo ni kubwa sawa na ile ya kiwanja.

Mwulize pia mwenyeji akuonyeshe ilipokuwa manyatta ya kifua kikuu. Mwitalia Annalena Tonelli, aliyefika Kenya mwaka 1969, aliwakusanya wagonjwa wa kifua kikuu wafugaji wakae mahali pamoja mpaka wamalize dawa, kwa sababu mfugaji akihama na mifugo dozi hukatika. Februari 1984 yeye na wenzake walikwenda vichakani kuokota majeruhi na kuzika maiti, na habari walizokusanya zikasaidia dunia ijue. Kwa kazi hiyo alilazimika kuiacha Kenya. Aliuawa Borama, Somaliland, Oktoba 2003, mwaka ule ule UNHCR ilipompa tuzo ya Nansen. Mbunge wa Wajir Magharibi wakati wa mauaji, Ahmed Khalif, naye alilipeleka suala la Wagalla Bungeni wakati ambapo kunyamaza kulikuwa salama zaidi. Utatajiwa pia klabu ya mashua ya maofisa wa kikoloni, walioiita hivyo mamia ya kilomita kutoka baharini. Ukiwa na nafasi pita. Ukikosa, hujakosa kitu.

Na kama huwezi kabisa kufika Wajir? Basi usidhani umebaki bila historia. Uko Garissa. Novemba 1980, baada ya watumishi wa serikali kuuawa kwa risasi mjini, vikosi vya usalama vilichoma mtaa wa Bulla Kartasi na kuwafungia wakazi kwenye uwanja wa shule kwa siku kadhaa bila chakula wala maji. Hilo ni jirani yako, huenda unapita hapo ukienda kazini. Ripoti ile ya 2013 imeliandika pamoja na Wagalla. Mzee wa Garissa anayekumbuka 1980 yuko karibu nawe kuliko yule wa Wajir, na adabu zote nilizozitaja zinatumika kwake vilevile. Kwa mtu mwenye siku moja tu, au mwenye watoto wadogo, au ambaye hali ya njia haimruhusu, huu ndio uamuzi bora. Kuhusu Chuo Kikuu cha Garissa, walipouawa watu 148 Aprili 2, 2015, nakuomba usipageuze kituo cha matembezi. Pale watu wanasoma na kufundisha hadi leo. Ukiwa na shughuli chuoni, au umealikwa kwenye kumbukumbu, nenda kwa staha. Vinginevyo waache wasome.

Nani, basi, asiende Wagalla? Asiende anayetafuta picha za mitandao, wala kundi la basi zima kwenye ziara ya ofisi, wala anayetaka kumthibitishia mwenzake hoja ya siasa. Asiende mwenye jamaa aliyehudumu katika vikosi vya wakati huo na ambaye bado anataka kubishana. Lakini kama anataka kusikiliza, huyo namwomba aende kuliko mtu mwingine yeyote. Aende mwalimu wa historia. Aende mwanasheria, mwandishi wa habari, ofisa kijana wa polisi au wa utawala aliyepangiwa kaunti za kaskazini. Na aende kijana wa Garissa au Mandera aliyelisikia jina tangu utotoni bila kuambiwa habari yote.

Machi 26, 2015, Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi Bungeni kwa niaba ya serikali kwa dhuluma za zamani na kutangaza mfuko wa shilingi bilioni 10. Manusura wa Wagalla wamezeeka, na baadhi wamefariki, wakiingoja fidia. Mtu aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1984 sasa amepita 60. Jengo unaweza kuliahirisha miaka kumi ukalikuta, hawa huwezi. Kwa hiyo kama umesoma, umempata mwenyeji, na njia ni salama, jibu langu ni nenda. Siku za kumbukumbu ni Februari 10 hadi 14. Anza kumtafuta mwenyeji wako sasa.